Mfu Asirudi Bure

Michezo ya masimulizi ya mezani, ile ambayo kila mchezaji anashika mhusika wake na dadu zinaamua yatakayompata, ina kasoro moja kubwa: wafu wanarudi kwa urahisi mno. Shujaa anachomwa mkuki jioni, kuhani anasoma maneno yake, asubuhi shujaa anakunywa uji. Baada ya hapo hakuna mchezaji anayeogopa tena.

Hatusemi ufufuo upigwe marufuku. Tunasema uwe na masharti, na masharti yajulikane mapema.

Dungeons & Dragons, mchezo uliozaliwa Marekani mwaka 1974, unayo masharti hayo. Kwa kanuni zake za mwaka 2014, kumrudisha aliyekufa dakika hiyo hiyo kunateketeza almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Ndani ya siku kumi, ya 500. Ndani ya miaka mia moja, ya 1,000. Na roho yenyewe lazima ikubali kurudi. Lakini wachezaji wakishatajirika, almasi inanunuliwa dukani kama chumvi, na sharti linabaki jina tu.

Kijana wa Nalasi, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, anayetaka kuendesha mchezo wa namna hii ana nyenzo bora kuliko hiyo. Tangu miaka ya 1990 watu wamemiminika Tunduru kutafuta vito katika changarawe za Mto Muhuwesi: yakuti, spineli, na aleksandriti, ambayo mchana ni ya kijani na mbele ya taa hugeuka nyekundu. Fidia ya mfu iwe jiwe hilo, na lisiuzwe popote. Wenzake waende mtoni wakachimbe, na dadu ziwe na uwezo wa kuwarudisha mikono mitupu.

Halafu msimulizi, yaani anayeendesha mchezo, ahesabu siku. Mhusika akirudi siku ya tano, tanga limekwisha kuanuliwa. Akirudi mwaka wa pili, mjane keshatoka eda na huenda keshaolewa, ndugu wamegawana mikorosho. Nani atamrudishia shamba? Je, bado ana mke? Hapa ndipo mchezo unaponoga, na ndipo wasimulizi wengi wanaporuka haraka kwenda kwenye pigano linalofuata. Mfu aliyerudi ana kesi ya kujibu mbele ya wazee kabla hajashika tena upanga, na kesi hiyo inastahili jioni nzima ya mchezo.

Uganga wenye masharti si jambo geni kusini. Katika Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, maji ya kukinga risasi ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyofika hadi Ungoni mwaka 1905, yalikuja na miiko: mpiganaji asilale na mwanamke, asipore mali. Risasi zilipoua, wapo waliosema miiko ilivunjwa.

Ila hapo pana mpaka. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea wapiganaji zaidi ya 60, Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, akiwamo. Wajukuu wao wapo, na kaburi lao la pamoja lipo. Mchezo ukiwekwa katika vita hivyo, wahusika wa kubuni wafe na warudi kwa masharti ya mezani, lakini hao wasifufuliwe na mchezaji yeyote, hata kwa jiwe la thamani gani.

Anayeandaa mchezo mpya ayaandike masharti yake, awasomee wachezaji wote kabla dadu haijarushwa hata mara moja, na asiyabadili kwa sababu aliyekufa ni mhusika wa rafiki yake.