Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Muulizeni mwanamke baada ya kisu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Gulwe, wilayani Mpwapwa. Watanzania wengi wanatufahamu kwa mafuriko tu: reli ya zamani ikikatika kati ya Kilosa na Gulwe, kama ilivyokuwa Januari 2010, ndipo jina letu husikika redioni. Leo naomba tusikike kwa jambo jingine.

Saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea, na hapo mara nyingi daktari hana njia nyingine: titi lote huondolewa. Barua hii ni kwa ajili ya wale wachache waliowahi, wenye uvimbe mdogo, ambao titi lao lingeweza kubaki.

Kwa wataalamu, hoja ya kama ni salama kulibakisha ilishaisha. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani na wa Italia, kila upande na wagonjwa wake waliofuatiliwa kwa miaka 20, walitoa majibu yanayolingana: walioondolewa uvimbe na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliokatwa titi lote. Sharti ni hiyo mionzi. Bila mionzi, saratani hurudi mara nyingi zaidi kwenye titi lilelile.

Sisi tunakwama hapo. Kwa miaka mingi mionzi, kwa mtu wa huku, imekuwa na maana ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu, tano au zaidi. Kila kipindi ni dakika chache. Saa zilizobaki mgonjwa anahitaji pa kulala na cha kula. Treni ya umeme imefupisha safari, lakini haimpangishii mtu chumba. Basi mwanamke anapiga hesabu zake: alizeti nani atapalilia, watoto atamwachia nani, na wifi yake wa Dar atamvumilia hadi lini? Kukatwa lote hakumwepushi na mionzi kila mara, ila kwa uvimbe mdogo mara nyingi humwepusha. Anamwambia daktari, "Toa lote." Kwenye faili inaandikwa kwamba mgonjwa amechagua.

Jirani yangu alibakishiwa titi, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Kila alipokwenda kliniki walitazama kidonda, wakampima presha, wakampa tarehe nyingine. Hakuna aliyemuuliza kama ameridhika. Angeulizwa, angesema titi limekuwa gumu na dogo kuliko lenzake, na kwamba hilo halimsumbui. Akivaa sidiria na blauzi hakuna anayejua. Kinachomsumbua ni mkono. Alitolewa tezi za kwapani, mkono ukaanza kuvimba, na sasa ndoo ya lita 20 hawezi kujitwisha mwenyewe. Analalamika kwamba hakuambiwa mapema. Ukimsikiliza vizuri unagundua kuwa hasira yake ni ya kutoambiwa kuliko ya mkono wenyewe.

Wenzetu wa nje wana dodoso maalumu la wagonjwa wa matiti, BREAST-Q, lililochapishwa mwaka 2009. Linauliza mwanamke anajionaje kwenye kioo, nguo zinamkaaje, faragha ya ndoa ikoje. Maswali mazuri. Mkulima wa Gulwe aulizwe na mengine: jembe unalishika? Kinu unakiweza? Unaoga na wenzako bila kujificha? Mumeo alisemaje? Na kama bado unazaa, uliambiwa kwamba titi lililopigwa mionzi huenda lisitoe maziwa ya kutosha, lakini la pili linanyonyesha vizuri?

Ninaloomba kwanza halihitaji jengo. Ni karatasi moja ya Kiswahili yenye maelezo na maswali hayo, muuguzi aisome pamoja na mgonjwa kabla ya upasuaji, kisha amrudie baada ya mwaka. Pili, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inapotekelezwa, malazi ya anayepigwa mionzi mbali na kwao yahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Halafu kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, ulioonyesha kuwa vipindi 5 ndani ya wiki moja vilizuia saratani kurudi kwenye titi sawa na vipindi 15 vya wiki tatu, kwa wagonjwa waliofuatiliwa miaka mitano. Nani anafaa na mashine ipi inaweza, hilo ni la wataalamu wako. Mimi najua tu kwamba kwa wiki moja wifi hanuni.

Wakikuambia karatasi hiyo ni mzigo wa ziada, waombe wakuonyeshe kwenye mafaili ya mwaka jana ni wangapi waliosema "toa lote" kwa sababu ya ugonjwa, na wangapi kwa sababu ya chumba. Jibu hilo nalisubiri, hata likija kwa SMS.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Gulwe, Mpwapwa