Madogo wa Mbagala, mfumo wenu ungeikamata Kagoda?

Makamanda, kuna andiko la mradi limenifikia wiki hii na nimeamua nilijibu hapa hadharani, kwa sababu linatuhusu wengi. Limeandikwa na madogo watatu wa huku kwetu Mbagala wanaomalizia shahada ya kompyuta kwenye chuo kimoja hapa mjini. Wanataka mradi wao wa mwaka wa mwisho uwe programu ya kunusa utakatishaji fedha, na wameomba maoni kabla hawajalipeleka kwa msimamizi.

Kwanza nawapongeza. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa mifumo ya maktaba na mifumo ya mahudhurio ambayo hakuna maktaba wala darasa linaitumia. Hawa wamechagua kitu kinachouma. Nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF Oktoba 2022 kwa udhaifu wa kupambana na fedha haramu, tukatolewa Juni 2025. Shirika la ukanda huu linalosimamia mambo hayo, ESAAMLG, lina makao yake hapa hapa Dar. Kwa hiyo mada si ngeni.

Tatizo langu ni mahali ambapo macho ya mfumo yameelekezwa.

Andiko linasema hivi: tutachukua miamala ya simu, tutaifundisha mashine, halafu mashine itawasha taa nyekundu kwa laini inayopokea hela kutoka kwa watu wengi kisha kuzitoa haraka, kwa wakala mwenye mzunguko mkubwa kuliko wenzake, na kwa mtu anayegawa hela ndogondogo kwenda namba nyingi. Ukisoma vitabu vya Ulaya hizo kweli ni dalili. Lakini ziteremshe Rangi Tatu uone. Chukua mama mmoja ambaye ni kijumbe wa upatu wa watu ishirini. Kila siku watu ishirini wanamtumia elfu kumi kumi, jioni anampa laki mbili yule ambaye ni zamu yake. Hela zimeingia kutoka pande ishirini, zimetoka mara moja, na kwenye laini hazijalala. Kwa mujibu wa mashine yenu huyo mama ni mtakatishaji sugu. Mweka hazina wa kamati ya harusi naye yumo. Anayekusanya rambirambi za msiba Charambe yumo, tena huyo anapokea usiku kucha. Kaka aliyeko Muscat akituma hela za ujenzi, dada yake akazigawa kwa fundi, muuza tofali na mwenye kirikuu, wote wamewaka nyekundu. Na Tone Tone yetu, makamanda, ile ya buku mbili mbili kutoka kwa maelfu ya watu? Hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza.

Halafu hela hizi za chini ndizo zinazoonekana kuliko zote nchini. Mnakumbuka tozo? Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 kila aliyetuma au kutoa hela kwa simu alikatwa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, mpaka kelele zikawa kubwa na Septemba wakapunguza kwa asilimia 30. Serikali ambayo iliweza kuingia kwenye kila muamala wa muuza mihogo na kuchukua chake haina shida ya kumwona muuza mihogo. Haihitaji msaada wa wanafunzi kwa hilo.

Kuna jambo la kiufundi pia. Kwa kuwa hakuna kampuni ya simu itakayowapa miamala ya wateja wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilishaanza kazi Mei 2023, wamepanga kutumia PaySim, data ya kutunga iliyopikwa kutokana na kumbukumbu za mwezi mmoja za huduma ya fedha kwa simu kwenye nchi moja ya Afrika. Ina miamala zaidi ya milioni 6.3. Iliyotiwa alama kuwa ni ya wizi ni 8,213. Piga hesabu: programu ya kijinga kabisa, inayosema "safi" kwa kila muamala bila kuangalia chochote, itapata usahihi wa zaidi ya asilimia 99.8. Ukiona mwanafunzi anasimama mbele ya jopo na kujisifu mfumo wake una usahihi wa asilimia 99, muulize umekamata wangapi kati ya wale 8,213, na umewasumbua wangapi wasio na hatia. Isitoshe, wizi wa laini si utakatishaji. Mwizi anahamisha hela ya mtu mwingine. Mtakatishaji anahamisha hela ambayo kwenye karatasi ni yake, na karatasi zote ziko sawa.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee kwa kirefu, maana nchi hii ina mifano yake na sioni hata mmoja kwenye andiko.

Tarehe 15 Septemba 2007 Dk. Willibrod Slaa alisimama Mwembeyanga, hapa hapa Temeke yetu, akasoma majina. Madogo, mlikuwa hamjaanza shule. Miezi minne baadaye, Januari 2008, ukaguzi wa Ernst & Young ukatangazwa: katika mwaka wa fedha 2005/06 zilitoka shilingi bilioni 133 kwenye akaunti ya madeni ya nje, EPA, pale Benki Kuu, kwenda kwa kampuni 22 ambazo nyaraka zake zilikuwa za kughushi au pungufu. Gavana Daudi Ballali akaondolewa. Kampuni moja, Kagoda Agriculture, ilichota peke yake kama dola milioni 30.7, karibu bilioni 40 za wakati ule. Iliandikishwa Septemba 2005, mwaka wa uchaguzi. Sasa niambieni, inahitajika akili mnemba gani kushtukia kampuni ya kilimo yenye umri wa miezi michache inayolipwa deni la nje la miaka mingi kabla haijazaliwa? Unahitaji safu mbili tu kwenye jedwali: tarehe ya kuandikishwa na kiasi kilicholipwa. Kesi za EPA zilipofika Kisutu, Kagoda haikuwamo.

Mfano wa pili. Mwaka 2012/13 serikali ilikuwa inatafuta mkopo wa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya London na Stanbic ya hapa. Ada ikapanda kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4. Ile asilimia moja ya nyongeza, dola milioni 6, ililipwa kwa kampuni ya hapa iitwayo EGMA, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Kamishna Mkuu wa TRA aliyekuwa ofisini. Machi 2013, ndani ya siku kama kumi, zaidi ya dola milioni 5 zikatolewa taslimu. Walioshtuka ni wafanyakazi wa benki hapa Dar. Taarifa ikapanda ngazi, ikafika makao makuu, ikafika London, na Novemba 2015 mahakama ya Uingereza ikaidhinisha makubaliano ambayo benki ililipa mamilioni na Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 na riba. Mafunzo mawili hapo. Mtu mwenye macho na ujasiri alitosha. Na mfumo rahisi kabisa, unaolinganisha majina ya wakurugenzi wa kampuni na majina ya vigogo wa serikali, ungeipigia kelele EGMA kabla hata senti moja haijaingia.

Wa tatu mnaujua, Escrow. Novemba 2014 PAC chini ya Zitto Kabwe ilieleza Bunge jinsi fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, ambazo iliziweka kwenye bilioni 306, zilivyotoka Benki Kuu na kusambaa. Sehemu ilipita Benki ya Mkombozi, na kutoka akaunti moja zikaingia kwenye akaunti za mawaziri, wabunge, majaji, hadi viongozi wa dini, mwanzoni mwa 2014. Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa Waziri wa Ardhi, alisema hadharani kwamba alipokea bilioni 1.6 na kwamba ulikuwa mchango wa shule. Desemba Rais Kikwete akamwondoa. Kwenye mkoba mwingine, kule Stanbic, bungeni tulisikia habari za hela kubebwa kwenye sandarusi na magunia. Gunia la hela, jamani! Hakuna aliyeshindwa kuliona. Mlinzi wa mlangoni aliliona.

Ndiyo maana nawauliza madogo: mfumo wenu, kama ulivyo kwenye andiko, ungekamata ipi kati ya hizi? Hakuna. Hakuna hata moja iliyopita kwenye kibanda cha wakala. Zote zimepita benki, kwa majina, kwa saini, kwa barua zenye mihuri. Kijumbe wa Rangi Tatu angewaka nyekundu na Kagoda ingepita kijani.

Na kuwaka nyekundu nchini hapa si jambo la mchezo. Utakatishaji fedha ni kosa lisilo na dhamana. Kifungu cha 148(5), kama tulivyozoea kukiita, kinasema ukishtakiwa unakaa ndani mpaka kesi iishe au DPP aamue vingine. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinavunja Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa hilo na mengine, akatoka Februari 2020 baada ya kukubaliana na DPP na kulipa mamilioni. Tito Magoti, wakili wa LHRC, na Theodory Giyani walikamatwa Desemba 2019, wakakaa zaidi ya mwaka kwa tuhuma za shilingi milioni 17. Milioni kumi na saba! Bei ya bajaji mbili. Na ninyi wa kompyuta sikilizeni vizuri: Giyani ni mtu wa TEHAMA, na moja ya mashtaka yao lilikuwa kumiliki programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa.

Sasa fikirieni programu yenu imeshinda tuzo, imechukuliwa na ofisi fulani. Inatoa alama: "namba hii, hatari asilimia 91." Afande haelewi imetokaje, hakimu haelewi, hata nyie mliyeiunda hamwezi kueleza kwa nini ni 91 na si 40. Lakini mtu keshalala Segerea. Anayekwenda kukwama hapo simjui jina, ila najua atafanana na sisi: mratibu wa kata aliyepokea michango, au kijana aliyelipwa na shirika la nje kwa kazi halali.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningelipindua andiko. Acheni miamala ya simu kabisa. Chukueni washindi wa zabuni kwenye mfumo wa NeST, chukueni taarifa za kampuni BRELA, chukueni teuzi za viongozi kwenye Gazeti la Serikali, na ripoti za CAG ambazo ziko wazi kila mwaka. Unganisheni. Kampuni ina umri gani siku ya kupata zabuni? Mkurugenzi wake ni nani, na anuani yake inafanana na ya kampuni nyingine ngapi? CAG aliitaja? Hizo data zote ni za umma, hakuna laini ya mtu iliyochunguliwa.

Ugumu upo, na utawala muda wenu mwingi. Majina ya Kibongo yatawatesa. Mtu mmoja ni Mohamed BRELA, Mohamedi kwenye zabuni, na Muhammad kwenye Gazeti. Mwingine ana majina matatu hapa na mawili pale. Juma Hamisi Juma wako mamia. Bila namba ya NIDA, ambayo si ya kuanikwa, mtamfananisha fundi seremala wa Kijichi na katibu mkuu wa wizara. Ndiyo maana mfumo usitoe hukumu wala alama. Utoe sentensi: "kampuni hii ilikuwa na siku 40 ilipopata zabuni hii, tazama nyaraka hizi mbili." Mwanadamu asome, apige simu, aulize. Upimeni kwa Kagoda na EGMA. Taarifa zao zimechapwa miaka mingi, majibu yanajulikana. Ukizikosa hizo mbili, rudini mezani.

Kuna ukuta mmoja ambao hamtauvunja kwa programu. Sheria ya kampuni tangu 2020 inazitaka kampuni kueleza wamiliki halisi walio nyuma ya pazia, lakini rejesta hiyo si kitabu ambacho wewe na mimi tunaweza kukifungua tu. Hiyo ni kazi ya siasa, yetu sisi. Wabunge, wagombea, wanaopanda majukwaani, hilo liwe dai lenye jina lake: rejesta ya wamiliki halisi iwe wazi kwa raia yeyote.

Na kabla hatujaonyesha kidole, tuanze nyumbani. Oktoba 2013 PAC ilisema vyama vinavyopokea ruzuku, na chetu kikiwamo, havijawasilisha hesabu zilizokaguliwa. Viongozi wetu walibisha wakati ule, na CCM nayo ilikuwa kwenye orodha hiyohiyo. Sawa. Lakini leo madogo hawa wanahitaji data halisi za kufanyia majaribio na hakuna taasisi itakayowapa. Sisi tunazo. Baraza la vijana liombe ofisi ya mhasibu itoe orodha ya kampuni zote tulizozilipa miaka mitano iliyopita: za jukwaa, za spika, za magari, za fulana. Majina, tarehe, kiasi. Wapewe hao madogo wapitishe kwenye mfumo wao, na kitakachowaka kibandikwe hapa hapa, hata kama ni fulana.