Nyika ni kwa Nani? Hadhira na Vipindi vya Porini

Limezoeleka miongoni mwa baadhi ya wahakiki dai kwamba mtazamaji anayeuliza kama vipindi vya televisheni vya kuishi porini ni vya kweli hajaielewa sanaa. Dai hilo halina mashiko. Vipindi hivyo hujinadi kwa ukweli wao. Hadhira ina haki ya kuudai. Mwaka 2007, ilipofichuka kwamba Bear Grylls alilala hotelini baadhi ya siku za kurekodi mfululizo wake, Discovery haikujikinga kwa nadharia ya ubunifu, bali iliahidi kuwabainishia watazamaji jinsi picha zilivyopigwa.

Lipo swali zito zaidi: pori hilo ni kwa nani? Survivor: Africa, iliyorekodiwa Shaba, Isiolo, mwaka 2001, iliwaonyesha Wamarekani 16 wakihangaika katika nchi ya wafugaji Wasamburu na Waborana. Mtazamaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe analijua swali hilo kwa karibu. "Wanyika" ni jina la dharau walilobandikwa Wamijikenda na watu wa miji ya pwani, ilhali misitu ya kaya, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilikuwa makao yenye malango na makaburi. Basi mtazamaji asemaye, "Hapo si porini, ni kwa watu," hajapotoka, ameutangulia uhakiki. Mhakiki anayembeza haitetei sanaa. Analitetea jina lile la dharau.