MWALIMU KWANZA, MTAMBO BAADAYE

Hapana shaka yoyote kwamba mitambo ya kisasa ya mawasiliano imekwisha kuingia katika skuli zetu, na hapana atakayeweza kuirudisha ilikotoka. Mwaka 2020, skuli zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, masomo yalipelekwa majumbani kwa redio na televisheni. Mwaka 2022, baada ya kumalizika Sensa ya Watu na Makazi, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu. Na hivi sasa mwanafunzi mwenye simu mkononi aweza kuiuliza akili mnemba swali la jiografia akapata insha nzima kabla mwalimu wake hajamaliza kufuta ubao.

Sisi tulio vyuoni, tunaojitayarisha kuingia katika kazi ya ualimu, hatuna sababu ya kuichukia mitambo hii. Tutafanya kazi nayo, tupende tusipende. Lakini yafaa tujiulize mapema, sisi pamoja na viongozi wetu na wazazi wa watoto tutakaowasomesha: ndani ya darasa, ni nani atakayemtumikia mwenziwe? Je, mtambo utamtumikia mwalimu, au mwalimu atageuzwa kuwa mtumishi wa mtambo? Jibu la swali hili ndilo litakaloamua iwapo fedha zinazotumika zitazaa elimu, au zitazaa makabati yaliyojaa vyombo vibovu.

Swali hili si geni duniani, na miongoni mwa waliokwisha kulijibu kwa gharama kubwa ni wakaazi wa visiwa kama sisi. Mwaka 1964, katika Samoa ya Marekani, visiwa vidogo vilivyomo katika Bahari ya Pasifiki, serikali ya Gavana H. Rex Lee ilianza kuiendesha elimu ya skuli kwa televisheni. Studio zilijengwa Pago Pago, mnara ukasimamishwa juu ya mlima Alava, na masomo yakarushwa katika idhaa sita. Waliosomesha mbele ya kamera wengi wao walikuwa walimu walioletwa kutoka Marekani, na lugha iliyotiliwa mkazo ilikuwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wa Samoa ni lugha ya pili. Mwalimu Msamoa aliyekuwamo darasani alibakishiwa kazi ya kuwasha chombo, kusimamia utulivu, na kufuata maelekezo yaliyoandikwa na watu wasiowajua wanafunzi wake.

Nia haikuwa mbaya, kwani skuli zilikuwa duni na walimu wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Lakini televisheni haina masikio. Mwanafunzi asipofahamu, somo husonga mbele. Akiwa na swali, hana wa kumwuliza ila mwalimu ambaye amekwisha kuondolewa madaraka. Kadiri walimu wenyeji walivyozidi kupata elimu, ndivyo walivyozidi kulalamika kwamba wamefungwa mikono. Katika miaka ya 1970 masomo ya televisheni yakapunguzwa hatua kwa hatua, mpaka yakawa msaada tu ambao mwalimu huutumia aonapo unafaa. Yaani Samoa ilichukua takriban miaka kumi kufika pale ambapo ingefaa kuanzia.

Hapa nchini tunao ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1973 iliendeshwa Tanzania Bara kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitumika, lakini haikuachiwa kazi peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Vitabu viliandikwa kwa Kiswahili chepesi. Na watu wazima karibu milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Redio ilisema, kitabu kikaeleza, na kiongozi wa kikundi akahakikisha kwamba yaliyosemwa yamefahamika na kutendwa.

Zanzibar nayo, katika muongo wa kwanza wa karne hii, Wizara ya Elimu pamoja na wahisani iliendesha masomo ya redio yaliyojulikana kwa jina la Tucheze Tujifunze, kwa ajili ya watoto wadogo, wakiwamo wale wa vijijini ambao skuli za maandalizi hazikuwa zimewafikia. Redio iliuliza, ikanyamaza ili watoto wajibu, kisha ikaimba nao. Na mlezi wa hapo hapo kijijini alikuwa mbele yao, akiongoza michezo na kumwangalia aliyebaki nyuma. Chombo kilikuwa cha bei ndogo, na lugha ilikuwa ile ile wanayozungumza na mama zao.

Tofauti ya mifano hii haimo katika ubora wa chombo, kwa maana televisheni ya Samoa ilikuwa ya fahari kuliko redio ya kijijini. Tofauti imo katika nani aliyetayarishwa kwanza. Ripoti ya UNESCO juu ya teknolojia katika elimu, iliyotolewa mwaka 2023, ilitoa nasaha isiyokuwa mbali na hiyo: teknolojia itumike pale inapothibitika kumfaa mwanafunzi, wala isichukue nafasi ya mwalimu aliye mbele ya wanafunzi wake.

Sasa tuitazame hali yetu bila ya kujidanganya. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na wananchi hawajakisahau kiza cha mwaka 2008, wala kile cha miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009. Waya mpya uliowekwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini funzo limebaki. Aidha, Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar, na ile ya 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Watu karibu laki sita wameongezeka katika muda wa miaka kumi, na kila familia inataka dawati na kitabu kwa ajili ya mtoto wake. Mwalimu anayesomesha darasa lililofurika, hali mkondo wa mchana unasubiri mlangoni, hawezi kuambiwa kwamba kishikwambi kimoja kimemaliza shida yake.

Haya hayana maana kwamba mtambo hauna kazi. Unayo, tena kubwa. Skuli isiyokuwa na maabara yaweza kuonyesha kwa picha zinazotembea jinsi moyo unavyosukuma damu, au jinsi mwezi unavyoyavuta maji ya bahari yakajaa na kupwa. Mwanafunzi asiyeona aweza kusomewa kitabu ambacho hakijachapwa kwa nukta nundu. Mwalimu wa Kojani au Tumbatu aweza kubadilishana maandalio ya masomo na mwenziwe wa mjini bila ya kungojea chombo cha kuvukia.

Ama kuhusu akili mnemba, kukataza peke yake hakutoshi. Insha iliyoandikwa na mashine humpa mwanafunzi alama bila ya kumpa fikra, na hilo ni khasara. Lakini mwalimu aliyefunzwa vyema aweza kumtaka mwanafunzi aisome insha hiyo mbele ya wenziwe, aoneshe palipo na kosa, na athibitishe kwa kitabu na kwa macho yake. Ikiwa mashine itaeleza vibaya ukulima wa mwani wa Paje au uanikaji wa karafuu wa Wete, mtoto wa huko ndiye atakayeisahihisha. Hapo ndipo elimu inapoanza. Nayo haianzi bila ya mwalimu anayejua kuuliza.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali wayatilie maanani mambo manne. Kwanza, chombo kisipelekwe skuli kabla mwalimu hajafundishwa kukitumia katika somo lake hasa, si kukiwasha na kukizima tu. Pili, kila zawadi ya wahisani ipokewe pamoja na hesabu ya vipuri, ya fundi na ya umeme, ukiwamo wa jua. Zawadi isiyokuwa na hesabu hiyo ni deni lililofungwa kwa utepe. Tatu, masomo yatayarishwe na Taasisi ya Elimu Zanzibar kwa Kiswahili fasaha na kwa mifano ya kwetu, ili mtoto asilazimike kupambana na lugha ngeni na somo jipya kwa wakati mmoja. Nne, mgawo uanzie mbali, yaani katika visiwa vidogo na vijiji vya pembezoni, kwani mtoto wa mjini ana pengine pa kupata, na wa mbali hana.

Nasi tulio vyuoni tunao wajibu wetu. Mazoezi ya kufundisha yasiwe ya kuonesha ufundi wa vyombo mbele ya mkaguzi. Mwanachuo ajizoeze kulitoa somo lile lile kwa njia mbili: kwa mtambo umeme unapokuwapo, na kwa chaki, kifuu na mchanga umeme unapokatika. Asiyeweza njia ya pili bado hajaiva kwa ya kwanza.

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtambo ni mgeni, na tunamkaribisha kwa moyo mkunjufu. Lakini mwenyeji wa darasa ni mwalimu, na bajeti ya elimu ndiyo itakayotuonesha iwapo Serikali inamjali mwenyeji kama inavyomshangilia mgeni.