Wanyama wa Nyumbani: Kobe Mchanga na Ua Wake

Hadithi za kale zimempa kobe sifa ya mzee mwenye subira na akili nyingi, asiyemdhuru mtu. Kwa ajili ya sifa hiyo wako wafugaji wasioona vibaya kumtia kobe mchanga, aliyetoka katika yai juzi, ndani ya ua mmoja na kobe wakubwa, wakitumaini kwamba atapata ulezi. Tumaini hilo halina msingi katika tabia ya mnyama mwenyewe. Kobe jike huchimba shimo, hutaga mayai, huyafukia, kisha huenda zake. Mayai yaanguliwapo baada ya miezi, watoto hujifukua peke yao na kutafuta maficho chini ya majani. Mama akipita hapo na kumkanyaga mmoja wao, hatambui kwamba amekanyaga mtoto, wala kwamba amekanyaga kitu.

Mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni kisiwa cha Changuu, mwendo mfupi wa mashua kutoka mjini Zanzibar. Mwaka 1919 kobe wanne wa aina ya Aldabra waliletwa huko kutoka Seychelles, wakiwa zawadi ya Gavana wa visiwa hivyo. Walizaana hata kufikia mwaka 1955 walikuwa 200. Kisha wezi wakawaandama, wengine wakitaka nyama na wengine wakitaka kuwauza ng'ambo, na mwaka 1996 walibaki saba tu. Mwaka huo huo wachanga 80 walipelekwa kisiwani ili kuongeza idadi, na 40 kati yao wakatoweka. Ndipo Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na chama cha kimataifa cha kulinda wanyama, ilipojenga ua mkubwa wa kuwahifadhi. Kufikia mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, wa makamo 50 na wachanga 90. Mgeni afikaye Changuu huwakuta wakubwa wakitembea chini ya miti, lakini wadogo amewakuta mahali pao peke yao, nao hawachanganywi na wazee wao. Ua huo hauwazuii wezi tu, bali humkinga mtoto na miguu ya mkubwa.

Maana dume la aina hiyo huweza kupita kilo 250, na mtoto wake hukaa katika kiganja cha mkono. Hata kobe wa Kenya mwenye madoa kama ya chui, ambaye ni mdogo sana akilinganishwa na yule wa Aldabra, hufikia kilo 10 na zaidi, hali mchanga wake hana uzito wa yai la kuku. Gamba la mchanga bado ni laini na hubonyea likifinywa. Hakuna haja ya chuki wala ugomvi ili mauti yatokee. Yatosha mkubwa ageuke kufuata kivuli.

Kukanyagwa si hatari pekee. Ya pili ni njaa, nayo ni mbaya zaidi kwa kuwa haionekani. Majani yakitupwa uani, wakubwa huyafikia kwanza na kula yaliyo laini, na mdogo huachiwa mabua. Kobe huweza kukaa siku nyingi bila kula, basi mwenyewe hudhani mambo ni salama, mpaka siku moja aone macho yamebonyea. Pia madume, wakati wa kupandana, hugonga na kusukuma magamba ya wenzao bila kuchagua, na mdogo aliyepinduliwa chali juani huweza kufa katika muda mfupi.

Wala mtu asidhani kwamba mnyama alaye majani hawezi kuuma kiumbe hai. Mwezi wa Julai 2020, katika kisiwa cha Frégate huko Seychelles, kobe jike mkubwa alipigwa picha za sinema akilifuata kinda la ndege wa baharini juu ya gogo, polepole, hata akaliuma kichwa, akaliua na kulila. Haisemwi hapa kwamba kobe huwinda watoto wao. Lakini taya ile ina nguvu, na jani lililonasa kichwani mwa kobe mdogo laweza kuleta msiba.

Wako watakaotoa kisa cha Mombasa kuwa hoja ya kupinga. Mwezi wa Desemba 2004 mtoto wa kiboko aliyepotelewa na wenzake aliokolewa baharini karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park, akaitwa Owen. Huko akajishikiza kwa kobe wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, wakawa wakila na kulala pamoja. Dunia nzima ilifurahia picha zao, na ilikuwa haki kufurahi. Mwisho wa kisa husimuliwa mara chache. Owen alikua, akawa mzito na mwenye michezo ya nguvu, na mwaka 2007 akatengwa na rafiki yake ili asije akamwumiza, akapewa mwenziwe kiboko jike. Mapenzi yalikuwapo, lakini hayakuweza kupunguza kilo hata moja. Pale mdogo kwa umri ndiye aliyekuwa mzito, na kanuni ilikuwa ile ile.

Kabla ya kujenga ua, mfugaji wa Kenya ajue kwamba kobe ni mnyama wa porini mbele ya sheria. Sheria ya mwaka 2013 juu ya uhifadhi wa wanyamapori haimruhusu mtu kuokota kobe njiani na kumfuga bila kibali cha Serikali.

Aliye na kibali na awajengee wachanga ua ndani ya ua. Ukuta uwe wa mawe au mbao, si wa seng'enge, kwa sababu kobe aonapo upande wa pili husukuma na kukwaruza mpaka pua itoke damu. Sehemu ya ukuta ifukiwe ardhini, na juu pafunikwe kwa wavu, kwa maana kunguru, nguchiro na panya hawahitaji nafasi kubwa. Siafu ni adui mwingine, nao hawazuiliki kwa wavu. Hapana budi kuutazama ua kila jioni. Karai la maji liwe la kina kifupi, maji yasipite kidevu cha mdogo kuliko wote. Wachanga wahitaji jua la asubuhi, kivuli, na pembe moja yenye unyevu, kwani mtoto alelewaye mahali pakavu daima gamba lake huota vinundu visivyoondoka tena. Mfupa mweupe wa ngisi uokotwao ufukoni, ukiwekwa humo, utawapa chokaa ya kuimarisha magamba.

Kobe mgeni, awe mkubwa au mdogo, akae peke yake miezi mitatu au zaidi. Mkubwa huweza kubeba minyoo na magonjwa mengine bila kuonyesha dalili yoyote, na mchanga akinywa maji aliyochafua, huugua.

Watu huuliza ni miaka mingapi ipite kabla ya kuwachanganya. Swali lenyewe si zuri, kwa kuwa kobe wawili wa umri mmoja huweza kupitana ukubwa mara mbili kwa sababu ya chakula tu. Yafaa kutazama kimo. Mdogo afike angalau nusu ya urefu wa mkubwa, awe na gamba gumu, na akipinduka aweze kujigeuza upesi. Siku za kwanza wakutanishwe mchana, mtu akiwa papo hapo, na chakula kitawanywe mafungu mengi mbali mbali. Uani pawe na kibanda cha mawe chenye mlango apitao mdogo tu. Madume wakorofi wasiingizwe kabisa.

Kila wiki mdogo apimwe kwa mizani ya jikoni na uzito uandikwe katika daftari. Akipungua wiki mbili mfululizo, arudishwe katika ua wake siku hiyo hiyo, hata kama mwilini hana jeraha.