Gari Lilitembea, Pesa Ikagoma

Mwezi huu tunaongea magari. Tulieni, sitaki kujua nani ana Prado na nani bado anagombania daladala. Nina stori ya gari ambalo hujawahi kupishana nalo barabarani na wala hutapishana nalo: Nyayo Pioneer la Kenya.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kikenya, hata kama litakuwa na sura mbaya, hata kama litakwenda taratibu. Jamaa wakaingia kazini kweli, wakishirikiana na watu wa reli, na Februari 1990 gari likazinduliwa Kasarani kwa shangwe zote. Yalitengenezwa matano ya majaribio. Na msidhani yalikuwa ya kusukumwa, yaliweza kufika kilometa 120 kwa saa!

Ikaundwa Nyayo Motor Corporation ili iyatoe kwa wingi. Hapo ndipo pesa ilipogoma. Unajua, kutengeneza magari matano, mafundi wakibembeleza kila kipande, ni kazi ngumu lakini ina mwisho. Kutoa gari la elfu moja lifanane na la kwanza ni habari nyingine. Unataka mashine za kukunja mabati, watu wa kukuletea vipuri kila wiki, gereji mpaka Kisumu, na mtaji wa kuvumilia miaka kabla hujaona faida. Mtaji huo haukupatikana. Hakuna Nyayo hata moja iliyofika kwa mnunuzi, na kampuni ikaja kubadilishwa jina kuwa Numerical Machining Complex, ikawa inachonga vipuri vya chuma vya viwanda vingine. Huku nyuma magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Nani angengoja?

Wapo wanaolicheka mpaka leo. Mimi silicheki, maana gari lilitembea. Kilichokosekana ni hesabu ya baada ya sherehe.

Sasa, hayo yanahusiana nini na mapenzi? Muulizeni kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, kule Ihanja, Singida. Yeye mwalimu, mkewe muuguzi. Msimu uliopita walikamua alizeti yao kwa mashine ya kukodi, wakauza mafuta kwa majirani na wafanyakazi wenzao, yakaisha ndani ya siku mbili. Basi bwana kapagawa! Anataka mkopo wa Saccos, mashine yake mwenyewe, lebo za rangi, na uzinduzi wenye mgeni rasmi.

Mke akauliza maswali mawili tu. Ikifika Februari, alizeti imekwisha kwa wakulima, gunia watalinunua kwa bei gani? Na rejesho la mwezi huo litatoka kwenye mshahara wa nani?

Mume akanuna. Eti anakatishwa tamaa na mtu wake wa karibu. Wiki mbili wanatumiana meseji na wako nyumba moja, mpaka mke akanipigia: “Wifi, zungumza na kaka yako, mimi kwake nimekuwa adui wa maendeleo.”

Nikampigia, nikampa stori ya Nyayo kama nilivyowapa nyie. Mkeo hajasema mafuta hayafai, nikamwambia. Anaulizia gari la elfu moja. Jamani wanaume, mwanamke akikuuliza bei ya dizeli hajakutukana! Mara nyingi ndiye anayejua shilingi ya mwisho ya nyumba ilipo, na huo mkopo ukikwama, yeye ndiye wa kwanza kuuza kitenge chake.

Juzi nimepata habari. Mgeni rasmi kaahirishwa, mkopo haujachukuliwa, na kila jioni wanakaa na daftari la magunia mezani. Kubishana bado wanabishana, ila sasa ni juu ya kuhifadhi magunia mangapi wakati wa mavuno ili Februari isiwakute mikono mitupu. Mke anataka arobaini, mume anataka mia.

Lebo, kumbe, alishazilipia.