Ami au Mjomba?

Limekuwa neno la kawaida sasa katika mabaraza yetu ya fasihi: kila anapotokea mtu akasema anataka kuandika maisha yake, huambiwa, "Yafanye riwaya." Huambiwa kwa upole, na anayeambiwa aghalabu hushukuru, kwani ushauri huu una sura ya heshima. Unampa mtu kudhani kwamba aliyoyaona ni makubwa mno hata yanastahiki kuvikwa joho la sanaa. Mimi nausoma vingine. Naona ni amri ya kunyamaza iliyopakwa asali, na nimekusudia kuipinga.

Ushauri huu umeshika kasi tangu Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Na zaidi tangu 2022, Ida Hadjivayanis alipotutolea Peponi, tafsiri ya Paradise ya mwaka 1994. Limetokea hapo jambo la kheri ambalo wahakiki wetu hawakulitazamia. Watu wasiokuwa na mazoea ya kusoma riwaya wameisoma hii, na wakishaifunga hawazungumzi juu ya mtindo wala muundo. Wanazungumza juu ya babu zao.

Yupo mzee mmoja mtaani petu, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, aliyezisoma habari za Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayeondoka kwao na tajiri Aziz akidhani anakwenda kutembea kwa jamaa yake, mpaka Khalil anapomfumbua macho: yule si jamaa yako, baba yako anadaiwa, nawe ni rehani ya deni. Mzee alikifunga kitabu hapo. Marehemu baba yake, aliniambia, aliletwa mjini hivyo hivyo kutoka mrima. Nyumba nzima ilimwita aliyemchukua "ami", na hata leo ukoo husema kwamba walikuwa jamaa. Wiki ile ile alinunua daftari nene, akaanza kuandika.

Daftari lile limesimama ukurasa wa arubaini na kitu. Wanawe walimwomba asiwatie aibu. Kisha akaja kijana msomi, mwenye nia njema wala sina shaka nayo, akampa ile dawa inayojulikana: yafanye riwaya, badilisha majina, hapatakuwa na ugomvi na mtu. Mzee wa watu hajui kutunga riwaya, wala hakuwahi kutaka. Alitaka kusema kwamba baba yake aliitwa fulani, alitoka mahali fulani, na alichukuliwa na fulani kwa deni la kiasi fulani.

Wanaotoa ushauri huu hudhani kwamba riwaya ni mkubwa na tawasifu ni mdogo. Kwamba maisha ya mtu ni unga, riwaya ndiyo mkate. Basi na tuutazame mkate wenyewe umetoka wapi. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili, alichapisha Safari za Wasuaheli, habari walizozisimulia watu wa pwani wenyewe, kwa lugha yao, kwa nafsi ya kwanza. Mmoja wao ni Selemani bin Mwenye Chande, aliyeeleza safari yake ya bara, na njaa yake, na hongo zake, na namna msafara ulivyonyang'anywa mali. Mwengine ni Selim bin Abakari, aliyekwenda mpaka Urusi na Siberia. Asomaye kurasa hizo kisha akasoma safari ya bara iliyomo katika Peponi hahitaji kuambiwa na profesa kwamba vitabu hivi viwili vinajuana. Watafiti nao wameyaandika hayo zamani.

Maana yake ni nini? Maana yake riwaya iliyotupatia sifa duniani imenyonya ziwa la watu waliosema "mimi" kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia iliyopita. Walisema, maneno yao yakahifadhiwa ughaibuni, mtunzi aliyezaliwa kwetu akayapata, akayafanyia kazi kwa Kiingereza, na sasa yamerudi kwetu kwa tafsiri. Mzee wa daftari anapoitikia kwa kusema "na baba yangu pia", analirudisha neno pale lilipoanzia. Na sisi, badala ya kumpisha, tunamwambia arudi tena kwenye riwaya! Hao waliosimulia kwa Velten, lau wangeshauriwa nasi, wangebadilisha majina yao na ya miji waliyopita, na leo tusingekuwa na cha kukifananisha na Peponi.

Nisifahamike vibaya. Riwaya siidharau. Nimeishi kwa kusoma za wenzangu na kufasiri chache. Sikupata chuo, nao ndio waliokuwa walimu wangu pamoja na kamusi mbili zilizokatika jalada. Nasema tu kwamba mwandishi wa riwaya amesamehewa mambo ambayo mwandishi wa maisha yake hakusamehewa, na msamaha huo hauwezi kuazimwa.

Chukua neno moja. Katika Kiingereza cha Paradise Yusuf humwita Aziz kwa lile neno lao ambalo kwa Waingereza hutosha kwa ndugu wa baba, na ndugu wa mama, na mume wa shangazi. Lugha yao haiwabani. Mtoto aweza kulitamka tokea ukurasa wa kwanza bila ya msomaji kuuliza ni wa upande gani. Sitaki kumsemea mfasiri wa Peponi, ambaye kazi yake nimeionea wivu mahali pengi. Nasema tu kwamba kila afasiriye neno lile katika kitabu chochote husimama hapo na kalamu mkononi. Ami au mjomba?

Kwetu sisi hilo si suala la mapambo ya lugha. Ami ni asaba. Huweza kurithi, na baba na babu wakikosekana, na ndugu wakikosekana, huweza kuwa walii wa kumuoza binti. Mjomba ni katika dhawil-arhami. Madhali asaba yupo yeye hukaa nje mlangoni, kwenye mirathi hana lake, na uwalii wa ndoa hana. Kwa hivyo mtu aliyemchukua mtoto kwa deni kisha akajiita ami hakujipa jina la mapenzi peke yake. Amejipa mkono wa kufikia mali ya yule mtoto na ndoa za mabinti zake. Ndani ya riwaya tukilisoma neno hilo tutahuzunika, tutasifu uchungu wa kejeli yake, tutapiga makofi. Ndani ya daftari la mzee wangu neno hilo ni ushahidi. Atakapoandika "alijiita ami, na ami hakuwa," kuna nyumba mjini ambayo itabidi iulizwe imerithiwaje. Hapo ndipo nilipoifahamu hofu ya wanawe, na hapo ndipo nilipofahamu pia kwa nini ile dawa ya kubadilisha majina inapendwa sana. Riwaya haiulizi nyumba ya mtu.

Watasema: na stara je? Mwislamu hufunika aibu ya mwenzake. Nami naijibu hoja hii kwa adabu, kwa sababu ndiyo pekee yenye uzito. Stara tuliyofunzwa ni kumsitiri mja aliyeteleza, dhambi yake ikiwa baina yake na Mola wake. Sikupata kusikia kwamba mtoto aliyewekwa rehani ameteleza. Aibu ni ya nani hapo? Ya mtoto, au ya aliyemkopesha baba yake akijua hana cha kulipa? Tumezoea kumfunika aliyedhulumiwa kwa shuka, kisha tukasema tumemsitiri, na aliyedhulumu akatembea mchana kweupe na kanzu yake nyeupe. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria hapa Visiwani mwaka 1897, lakini mpaka leo wako watu wanaoficha jina la bibi yao kwa kuogopa kuulizwa alikuwa mjoli wa nani.

Tazama ni nani waliojiandika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye biashara yake ilikuwa pembe na watu, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa Unguja mwaka 1905, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin. Sayyida Salme bint Said alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akisema kwamba alikuwa ameziandikia watoto wake. Mfanyabiashara aliandika, binti wa mfalme akaandika. Waliobeba zile pembe mabegani hawakuandika, isipokuwa wachache kama wavulana wa skuli ya Kiungani, ambao visa vyao vya kukamatwa na kuuzwa A. C. Madan alivifasiri kwa Kiingereza mwaka 1887. Na kila tunapomnyamazisha mjukuu wa aliyechukuliwa, kwa jina la stara, tunaiongeza hesabu ile upande ule ule.

Iko hofu moja ambayo naikubali, nayo ni hofu ya dola. Adam Shafi aliwekwa kizuizini baada ya mauaji ya Rais Karume ya 1972, na alipokuja kutuletea Haini mwaka 2003, kitabu cha jela na mateso, alikileta kama riwaya. Sina ulimi wa kumlaumu. Sikulala pale alipolala yeye. Lakini niliisoma Mbali na Nyumbani, ya mwaka 2013, ambamo anasimulia kwa jina lake safari ya ujanani ya kutafuta masomo Ulaya, na tangu hapo nina swali lisiloniondoka: kwa nini safari ya kijana imepata jina la mwenyewe, na ile kubwa zaidi ikabaki nyuma ya pazia? Ken Walibora naye alikuwa na Siku Njema, ya 1996, ambayo wasomaji wake wengi waliamini kwamba Kongowea Mswahili ndiye yeye, mama yake Kongowea ndiye mama yake. Riwaya ilipendwa Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, kabla ya kufa kwake mwaka 2020, alikwisha kurudi na Nasikia Sauti ya Mama, akayasema maisha yake kwa jina lake. Kama riwaya ingetosha, ya nini kurudi?

Sasa niwageukie na wale wanaoandika, kwani nao wana lao. Nimepata kusoma miaka hii ya karibuni miswada kadhaa ya kumbukumbu za utotoni, na takriban yote imeandikwa na watu waliotoka kusoma Gurnah jana. Karafuu zinanukia ukurasa wa kwanza. Adhana inasikika wa pili. Jahazi linatweka tanga wa tatu, na bibi amekaa barazani akitafuna tambuu na kutazama bahari kwa huzuni. Bibi yangu mimi hakuwa na wasaa wa kuitazama bahari. Alikuwa akisuka ukili wa mikeka ya watu, na akiinua macho ilikuwa kumtafuta mwenye deni lake. Na mtu aliyekulia kwenye karafuu hakumbuki sana harufu. Hukumbuka vidole vilivyochubuka kwa kuchambua, na vishina vilivyojaa kwenye nywele, na pishi ngapi zilihesabiwa na karani na ngapi zilikuwamo kweli. Harufu huikumbuka aliyeondoka. Gurnah aliondoka akiwa kijana, na ana haki yake ya harufu. Wewe uliyebaki una haki ya pishi na karani. Kuandika kumbukumbu zako kwa pua ya mwengine ni kujifanya mgeni nyumbani kwako.

Kuitikia riwaya si kuiga sauti yake. Inapouliza, jibu kwa unachokijua. Peponi inauliza mtoto aliyewekwa rehani huja kuwa nani. Inamfikisha Yusuf ukingoni mwa vita vya Wajerumani, na hapo inamwachia. Mzee wangu anajua yule wa kwao alikuja kuwa nani. Alijifunza kushona, akaoa mara mbili, akanunua cherehani ya miguu kwa miaka minane ya kudunduliza, na hakupata kumtaja mama yake mbele ya watu. Hakuna mtunzi anayeweza kunipa hayo, awe na tuzo awe hana.

Na Shaaban Robert, tunayemsifu kwa mashairi na kumsahau kwa Maisha Yangu, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, si waziri wala sultani, alipoona kwamba siku zake zinafaa kuandikwa kwa nathari iliyo wazi. Hakuomba ruhusa. Hakuambiwa ayafanye riwaya, au kama aliambiwa hakusikiliza.

Kwa hivyo neno langu la mwisho nalielekeza kwa wahariri, wa jarida hili wakiwemo. Mna kurasa za mashairi na mna kurasa za hadithi. Mswada wa maisha ya mtu ukiwafikia mnauweka kwenye fungu la hadithi, na mara mbili nimeona majina ya watu yakibadilishwa mezani kwenu kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Fungueni fungu jengine. Lipeni jina lake. Pokeeni madaftari yaliyoandikwa kwa mkono, hata kwa herufi za Kiarabu, maana wazee wengi bado ndizo wanazoziamini. Msahihishe nukta na koma. Ami na mjomba muwaachie mahali alipowaweka mwenyewe. Kazi ya kunakili nitaifanya mimi, bila ya malipo, kila Ijumaa baada ya Asiri. La kwanza litakuwa la kurasa arubaini na kitu, mwenyewe akiridhia, na majina yote yamo.